Dorkas na Makaburi Arobaini na Moja ya Kinampembe

Wasikilizaji wapendwa, kama unapepeta, weka ungo chini kidogo. Kama uko dukani, mwambie mteja asubiri. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Mkalama ambaye jina lake halikuwahi kusikika hewani alipokuwa hai. Anaitwa Dorkas Msengi. Amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na tisa. Amezikwa Kinampembe.

Narudia, wasikilizaji. Amezikwa Kinampembe. Narudia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeapa, akiwa ameshika Biblia, kwamba hakuna mahali panapoitwa hivyo.

Kinampembe ni kitongoji kidogo. Ukitoka barabara ya Nduguti ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, ukipita mashamba ya uwele na vichaka vya miiba. Nyumba kumi na saba, kisima kimoja, makaburi upande wa magharibi. Hakuna shule wala zahanati. Basi haliendi. Kwenye makaratasi ya serikali kipo chini ya kijiji cha Isenga, na Isenga ndiko kwenye ofisi, kanisa na gulio la Jumanne.

Dorkas alizaliwa hapo mwaka 1946, katika tembe ya baba yake. Akaolewa hapohapo, nyumba ya nne kutoka kwao, na Andrea Kiula. Watu walimtania Andrea kwamba harusi yake ndiyo pekee ambayo bibi harusi alirudi nyumbani kuchukua mwiko aliousahau, na akawahi kusonga ugali.

Sasa sikilizeni kwa makini hapa, maana hapa ndipo penye mzizi wa mambo yote.

Mwaka 1961 alifika Kinampembe msichana mmoja mjamzito. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa Ulemo. Kwao walikuwa wamemfukuza. Jina lake Anastazia. Vitongoji vitatu vilimnyima hata maji. Kinampembe wakampa nyumba. Dorkas wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano, na ndiye aliyetumwa kisimani kuteka maji ya kumzalishia. Mtoto alizaliwa kabla jua halijawa kali. Akaitwa Paschal.

Anastazia aliishi Kinampembe miaka saba, kisha akafa kwa homa. Dorkas alikuwa ameshaolewa. Yeye na mama mkwe wake ndio waliomwosha marehemu. Akazikwa upande wa magharibi, mawe yakapangwa juu, na Paschal akahamia nyumbani kwa Dorkas na Andrea. Alikaa kwao miaka minane. Peniel, mtoto wa kwanza wa Dorkas, anasema: "Tulilala kitanda kimoja. Mama akipakua mlenda, alikuwa anaanza na sahani ya Paschal. Nilikuwa naona wivu. Mama anasema, wewe una mama, mwenzako hana."

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Kinampembe ikahamishwa. Watu wakabebeshwa milango na vyungu, wakapelekwa Isenga barabarani. Paschal alikuwamo kwenye msafara ule, amejitwika mtungi wa Dorkas kichwani. Baada ya miaka saba hivi, watu wakaanza kurudi mmojammoja kufuata kisima chao. Wakajenga upya. Miaka ilivyokwenda, serikali ikawatambua kuwa kitongoji. Wakapewa mwenyekiti na muhuri. Paschal yeye hakurudi. Alikuwa amesoma, akafanya kazi mjini, kisha akaoa na kujenga Isenga. Na watu wa Isenga wakamchagua mwenyekiti wa kijiji.

Dorkas alishangilia siku ile mpaka sauti ikakauka. Alimwambia kila mtu gulioni, "Yule ni mwanangu."

Wasikilizaji wapendwa, mwaka 2014, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, orodha ya vitongoji vya Isenga ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Kinampembe haikuwamo. Andrea aliisoma mara tatu. Akadhani karatasi imekatika. Akaingia ofisini kuuliza. Paschal akamjibu bila kuinua macho.

"Mzee, kule si kitongoji. Kulifutwa tangu Operesheni. Ninyi ni wavamizi wa ardhi ya kijiji."

Andrea akasema, "Paschal, mwanangu, unaniambia mimi?"

"Namwambia yeyote anayeishi kule."

Alizeti ilikuwa imepanda bei miaka ile. Ardhi ya Kinampembe ni nyeusi, ina maji karibu. Paschal na jamaa wawili waliotoka mbali walikuwa wameshajigawia. Juma lililofuata trekta ikaingia. Andrea akaenda kusimama mbele yake, mzee wa miaka sabini na mbili mwenye fimbo. Mgambo wa kijiji wakamkamata. Wakamfungia kwenye stoo ya ofisi ya Isenga, siku tatu.

Andrea alikuwa mgonjwa wa kisukari. Dorkas alitembea hadi Isenga na dawa zake kwenye mfuko, na uji kwenye chupa ya chai. Mgambo wakamwambia asubiri mwenyekiti. Paschal akaja. Waliokuwapo wanakumbuka kwamba Dorkas alipiga magoti. Mwanamke mwenye umri wa kuwa mama yake, aliyemlea, akampigia magoti kwenye vumbi la ofisi.

"Paschal, mpe baba yako dawa. Mengine tutaongea baadaye."

Paschal akasema, "Mvamizi hana baba hapa." Akaamuru arudishwe barabarani.

Siku ya nne Andrea akaachiwa, hawezi kusimama. Walimbeba kwenye mkokoteni wa punda. Akakaa siku tisa, akafa. Cheti kiliandika kisukari. Dorkas alikitazama kile cheti, akakikunja, akakiweka kifuani. Hakulia mbele za watu. Loyce, binti yake wa mwisho, ndiye aliyekuwa naye kaburini watu walipokwisha kutawanyika. Loyce anasema mama yake aliongea na kaburi kama anavyoongea na mtu aliyeketi.

"Alisema, Andrea, sitamroga. Sitampiga. Sitamchomea nyumba. Nitamfanya aseme kwa mdomo wake tulivyokuwa. Na mpaka atakaposema, nitamnyima kila ninachoweza kumnyima."

Na alianza na kitu kidogo, wasikilizaji. Kitu ambacho sisi tunakitoa kila siku bila kufikiri.

Jumanne ya kwanza baada ya arobaini ya Andrea, Dorkas alikwenda gulioni Isenga. Paschal alikuwa anapita katikati ya watu, anasalimiana. Alipofika mbele ya Dorkas, pengine kwa mazoea, pengine kwa aibu, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

Dorkas akamtazama usoni. Hakujibu.

"Shikamoo, mama," akarudia kwa sauti zaidi, akidhani hajasikia.

Dorkas akainama, akapanga vitunguu vyake vizuri, akamgeukia mteja. Gulio zima liligeuka kutazama. Mnajua uzito wa jambo hili. Mtu mzima kumnyima mtu marahaba mbele za watu, mtu aliyemlea! Jumanne iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Mwezi wa tatu tangu aanze, wanawake wengine watatu wa Kinampembe wakaanza kunyamaza nao. Kufikia mwaka mpya, Paschal alikuwa anapitia nyuma ya mashine ya kusaga ili asikutane na safu ya wauza vitunguu.

Lakini trekta ilikuwa imeshafanya kazi yake. Ililima mpaka vizingitini. Familia sita zikahama. Na upande wa magharibi ikalima juu ya makaburi. Mawe yakatawanyika, alizeti ikapandwa.

Dorkas alingoja zile alizeti zivunwe. Kisha akachukua wanawake wanne, wakaingia shambani asubuhi na majembe na makarai. Wakaanza kurudisha mawe. Dorkas ndiye aliyekuwa anaelekeza. Alikuwa anasimama, anatazama kisima, anatazama kilima, anapiga hatua. "Hapa mzee wangu. Hapa pacha wa Dina. Hapa mama mkwe." Iliwachukua siku kumi na moja. Loyce alikuwa anaandika kwenye daftari la shule. Makaburi arobaini na moja, wasikilizaji. Arobaini na moja, kila moja na jina, na mwaka, na jinsi mtu alivyokufa.

Walipofika kaburi la thelathini na mbili, wanawake wakasimama. Mmoja akasema, "Hili tuliache hivihivi. Yeye mwenyewe mwanawe ndiye aliyelilima."

Dorkas akasema, "Hili ndilo tutalipanga vizuri kuliko yote. Hili ndilo nitakalomuulia nalo."

Lilikuwa kaburi la Anastazia.

Shauri lilifunguliwa mwaka 2015 kwenye baraza la ardhi. Lilichukua miaka mitatu. Dorkas hakuwa na wakili. Alikuwa anaamka, anatembea hadi barabarani, anapanda gari, anafika, anaambiwa faili halipo, anarudi. Mara nyingine anaambiwa mwenyekiti wa baraza ana udhuru. Anarudi. Peniel alimsihi aache. Peniel huyu, aliyelala kitanda kimoja na Paschal, ananiambia maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

"Nilimwambia mama, mwachie Mungu. Akaniuliza, baba yako alikuwa anapenda kula nini? Nikafikiri. Nikashindwa kujibu haraka. Akasema, unaona? Wewe umeshaanza kumsahau, ndiyo maana unaweza kusamehe. Mimi bado nasikia anavyokohoa."

Mchungaji naye alikwenda kumwona. Akamsomea maandiko ya msamaha. Dorkas akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchungaji, hilo nitalijibu kwa Mungu mwenyewe, karibuni nitaonana naye. Wewe kunywa chai, inapoa."

Hatimaye siku ya ushahidi ikafika. Paschal alisimama, akashika Biblia, akaapa. Akaulizwa kuhusu Kinampembe. Akasema, na haya yameandikwa kwenye mwenendo wa shauri: "Hapajawahi kukaa watu. Ni pori tu la kijiji."

Mwenyekiti wa baraza akamwambia Dorkas kwamba ana haki ya kuuliza maswali. Dorkas akasimama taratibu. Alikuwa amevaa kitenge alichovaa siku ya kumzika Andrea.

"Paschal, mama yako mzazi aliitwa nani?"

"Anastazia."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Kazikwa wapi?"

Wazee wawili wa baraza wakainua vichwa. Wasikilizaji wapendwa, mtu yule alikuwa na nafasi. Angeweza kusema neno moja tu, na yote yangekwisha. Dorkas alimwambia Loyce baadaye kwamba angelisema pale, angeketi chini na kulia, na huenda moyo wake ungelegea.

Paschal akasema, "Isenga. Makaburi ya kanisa."

"Utatuonyesha?"

"Nitawaonyesha."

Baraza likapanga siku ya kutembelea eneo. Siku hiyo Isenga yote ilikuwa makaburini. Mwenyekiti wa baraza, karani, wazee wa baraza, wadaiwa, wadai, na watu wa gulio walioacha bidhaa zao. Paschal akatangulia. Akapita safu ya kwanza, akapita ya pili, jasho linamtoka. Akasimama kwenye kaburi moja la zamani lisilo na msalaba. Akasema, "Hapa."

Kutoka nyuma ya watu ikasikika sauti ya mzee mmoja, Enock, fundi baiskeli wa Isenga, mtu mpole asiyegombana na mtu.

"Mwenyekiti, samahani. Hapo kalala mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kwa Paschal kama wangecheka.

Baraza likaenda Kinampembe. Dorkas akawatembeza kaburi kwa kaburi, bila karatasi, huku karani akifuatisha kwenye daftari la Loyce. Hakukosea hata moja. Alipofika la thelathini na mbili akasimama, akamgeukia Paschal.

"Na huyu?"

Paschal alitazama mawe yale. Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko yote. Akasema, kwa sauti ya chini lakini karani aliisikia, akaiandika: "Simjui."

Dorkas akasema, "Karani, umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Asante."

Mwaka 2018 Kinampembe ikashinda. Ardhi ikarudi. Mwaka uliofuata kitongoji kikarudi kwenye orodha. Familia nne kati ya zile sita zikarudi, na Loyce akachaguliwa mwenyekiti wa kitongoji. Paschal hakugombea tena kitu chochote. Alibaki Isenga, mtu ambaye watoto wa shule walikuwa wanamnong'ona akipita: yule aliyemkana mama yake.

Mtu mwingine angetosheka. Dorkas hakutosheka. Sitawadanganya, wasikilizaji, kwa sababu ni marehemu. Alikuwa mwanamke wa huruma kwa watu wote duniani isipokuwa mmoja.

Mwaka 2020 binti wa Paschal, Ritha, alikuja Kinampembe peke yake. Ni mwalimu. Alitaka kuona kaburi la bibi yake. Dorkas akampokea, akampikia, akamwonyesha, akamsimulia habari za Anastazia, alivyoimba, alivyokuwa anaogopa radi. Ritha alilia. Alipokuwa anaondoka akasema, "Bibi, baba naye anataka kuja. Amezeeka. Anaota ndoto."

Dorkas akamjibu kwa upole, huku amemshika mkono. "Wewe ni mjukuu, njoo siku yoyote. Yeye alisema hamjui. Mtu asiyemjua marehemu hana kaburi la kutembelea."

Paschal alikuja hata hivyo. Alikuja mara tatu katika miaka ile. Mara zote alisimamishwa kwenye mpaka wa shamba la kwanza. Mara ya tatu alikuwa na fimbo, mguu mmoja unaburuta baada ya kiharusi. Alikaa juani kutwa. Dorkas aliketi kibarazani kwake, mbele ya nyumba, mahali ambapo aliweza kumwona na yeye kuonekana. Alikuwa anachambua mboga. Loyce alimuuliza, "Mama, hata maji tusimpelekee?" Dorkas akasema, "Baba yako alinyimwa dawa."

Ndivyo alivyokuwa.

Mwezi uliopita, alizeti zikiwa zimeanikwa, Dorkas aliugua. Majuma matatu hakutoka kitandani. Aliwaaga watoto, wajukuu, akagawa vitenge vyake. Jambo la mwisho alilomwambia Loyce halikuwa kuhusu mali. "Atakuja kwenye mazishi yangu. Namjua, nimemlea. Asiingie mpaka aseme."

Na kweli alikuja. Ritha alikuwa amemshika mkono. Watu walikuwa wengi, kutoka Isenga, Nduguti, hata Singida mjini. Mlangoni pa uwanja wa msiba kulikuwa na meza ya daftari la mahudhurio, kama ilivyo kwenye misiba yetu. Jina, unakotoka, sahihi. Anayesimamia daftari alikuwa Loyce mwenyewe. Alikuwa ameamua kuketi pale tangu asubuhi, na mama yake yuko ndani kwenye jeneza.

Paschal akachukua kalamu kwa mkono ule mzima. Akaandika jina lake. Kwenye unakotoka, akaandika Isenga.

Loyce akalisoma. Akaligeuza daftari, akamrudishia.

"Andika tena."

Ritha akasema, "Dada Loyce, tafadhali, baba anaumwa."

Loyce hakumtazama Ritha. "Andika tena, Paschal. Ulikozaliwa. Alikolala mama yako. Kwa mkono wako."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea kutazama. Mzee Enock alikuwa nyuma yao hatua chache. Paschal alishika kalamu muda mrefu. Kisha akapiga mstari juu ya neno Isenga. Chini yake akaandika herufi mojamoja, zimepinda, kama mtu anayejifunza kuandika. Kinampembe.

Loyce akasimama. Akachukua daftari, akaenda nalo mpaka kwenye kipaza sauti cha wanakwaya. Akasoma mbele ya watu wote.

"Paschal, mwana wa Anastazia. Anatoka Kinampembe."

Akarudi mezani, akaketi. Akamwambia, "Pita. Kaburi unalijua."

Paschal alipita. Waliomwona wanasema alipiga magoti kwenye lile kaburi la thelathini na mbili, akaegemeza paji la uso kwenye mawe, na alikuwa bado hapo wakati Dorkas anashushwa kaburini kando ya Andrea. Hakuna aliyekwenda kumwinua, isipokuwa Ritha.

Nilimuuliza Loyce kama alimwonea huruma. Akasema, "Hapana. Nilisikia shibe. Nilikuwa nimefunga tangu mwaka 2014."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya watu wote wa studio hii, tunatoa pole kwa Peniel, kwa Loyce, kwa wajukuu na vitukuu wa Dorkas Msengi. Pole kwa wanawake wanne waliobeba mawe naye siku kumi na moja. Pole kwako pia, Mwalimu Ritha, uliyezika bibi wa pili.

Wapo mtakaosema Dorkas alizidisha, kwamba kisasi kilimla miaka yake ya mwisho. Yawezekana. Mimi sikumfuata mume wangu kwenye mkokoteni wa punda, kwa hiyo sitamhukumu. Ninachowaomba ni kimoja. Nyote mnaoishi kwenye vitongoji visivyofikiwa na basi, vile ambavyo ubao wa ofisi unaweza kuvisahau kwa karatasi moja, nendeni leo, kukiwa bado mchana, kwa mtu mzima aliyebaki anayekumbuka. Mpeni kiti. Muulizeni nani amelala wapi, na alikuwa mtu wa namna gani. Andikeni.

Msingoje trekta.